Mwaka Nilikula Nyuma ya Shuka

Juzi telefone ililia nikiwa naponda makemba, ndizi ya kupika, ya kufanya lituma. Mikono ilijaa mafuta, nikaikamata na kiwiko, nikaibana ku sikio na bega. Alikuwa Riziki, mutoto yangu wa mwisho, ule aliolewa kule Chine. Alikuwa analia tu. Mutu akikupigia toka mbali na analia bila kusema, roho yako inaanza kutembelea batu yako bote, inagusa huyu, inagusa ule: ni nani? Kisha akasema: “Mama, Nainai ametuacha.” Nainai alikuwa mama ya baba ya Wei, bwana ya Riziki, kwabo njo vile banaita nkambo, na nyumba muzima ilimuita vile, miye pia. Nikaweka mutwangio chini, nikakaa. Na Mungu anajua roho yangu, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Mama Vero, jirani ya chumba ya chini, akapanda na kitambaa ya matanga tayari ku kichwa, juu Mama Vero akisikia kilio katika parcelle, kiwanja yetu, anafikaka mbele ya machozi. Anasemaka na pua, sawa redio yenye pile imechoka: “Mama Riziki eee, pole mingi, lakini… uko nalia ao uko nacheka?” Nikamuambia: “Kaa, Vero. Niko nafanya yote mbili.”

Mambo ya kuzaliwa kwangu sitasema. Nilizaliwa, inatosha. Masomo pia sitasema, juu haikuwako. Nitasema mwaka moja tu. Batu banasemaka ujana inakujaka mbele ya uzee; bon, ile yangu ilipotea njia. Ilinikuta niko na bajukuu, meno ya nyuma imeanza kuaga, niko nauzisha samaki ya kukausha ku soko ya Tshopo, ikaniambia: mama, vaa viatu, tunaenda.

Ilianza na telefone pia. Riziki alikuwa Chine kusoma maji ya bahari na magonjwa ya samaki. Batu ku soko balinichekaka: “Mama anachoma samaki, mutoto anaitibia!” Sasa akanipigia na ile sauti ya mutoto mwenye kuvunja sahani: “Mama, iko kijana moja.” Nikasema: “Kijana moja iko kila pahali. Sema ingine.” Akasema ni Mushinwa, jina Wei, banapendana, lakini yule aliyemulea Wei toka udogo ni nkambo yake, na nkambo amesema neno. Riziki alinisemea ile neno, na miye hata leo naisema sawa vile yeye mwenyewe alikuwa anasema, na kidevu juu, na sauti inatoka ku tumbo sawa chungu ya maharagi: “Musichana mwenye hakuna mutu anakuja nyuma yake ni musichana ya kuokota. Mama yake akuje, nimuone na macho yangu. Nikikubali, boane. Nikikataa, Wei atafute mwengine.” Nikauliza: “Na Wei anasema nini?” Riziki akajibu: “Anasema bila ndiyo ya Nainai, hataweza.” Donc ilikuwa vile: ndoa ya mutoto yangu ilikuwa mu macho ya mama muzee moja sijamuona, ku mwisho ya dunia.

Tulikaa na ndugu ku veranda kusemezana. Kaka yangu, tonton Faustin, iko na tumbo, na sauti yake inapita kwanza ku tumbo mbele ya kutoka: “Donc, mutu mwenye hata Kinshasa hajafika, ataenda kutusemea Chine? Na luga gani?” Nikasema: “Na ile ya midomo.” Batu balicheka, yeye hapana. Mwisho alikubali, juu tiketi Wei alituma kwa jina yangu, haiko kwa jina ya tumbo yake. Lakini akanionya na kidole: “Chunga heshima yetu mbele ya bokilo.” Bokilo, ni kusema bakwe. Hapo hakukuwa lazima aniambie. Kwetu, mama ya musichana na bwana ya musichana habapeane mukono, habaangaliane ku macho, na zaidi ya yote, habakule mbele ya mwenzake. Mama-mukwe akifungua kinywa na kutafuna mbele ya mukwe yake, ni sawa pagne imemuanguka katikati ya soko. Nikasema: “Faustin, miye? Hata nife na njaa.” Na njo kidogo nikufe kweli.

Ile muji banaita Qingdao. Iko kando ya bahari, na bahari miye sikuiogopa, nilisema tu huyu muto amesahau kuweka upande ingine. Kitu yenye ilinishangaza ni nyumba. Nilikuwa nangojea Chine ya picha, na mapaa ya kukunja kona sawa mustashi. Kumbe taksi ilipanda mu kilima, na miti kubwa ku kando, na nyumba ya kuta ya manjano, mawe chini, vigae nyekundu juu, madirisha murefu, balkoni. Nikasema: “Riziki, tumerudi kwetu Makiso?” Akacheka. Akaniambia Badachi, ni kusema Bajerumani, balikuja hapa na mizinga zamani, balikamata muji, balijenga nyumba yabo na kanisa yabo, kisha balifukuzwa, nyumba ikabakia. Nikasema, bazungu! Banaachaka nyumba kila pahali sawa mulevi anaachaka kofia. Miye naishi mu nyumba ya Mubelge moja muuza kahawa, hapa Makiso; alijijengea yeye na bibi yake na mbwa, na leo tuko mle familia nane. Kumbe nyumba ya Nainai ilikuwa vilevile. Mudachi moja alijijengea, akaenda, na sasa kila chumba ni familia, ngazi ya mbao inalia ukikanyaga, na ku kila etaji kabeji imepangwa ku ukuta sawa batoto ya masomo. Jiko ilikuwa moja ku koridore: kila mama na moto yake, kila mama na taa yake, na robine ya maji kila moja na kufuli yake! Nilipoona zile kufuli nilishika Riziki mukono. “Mutoto yangu, hapa niko kwangu.” Juu kwetu pia robine iko na kufuli, na kila mama iko na jicho moja ku chungu yake na ingine ku chungu ya mwenzake.

Ile siku ya kwanza niliona tena mwanaume mu njia, mutu wa heshima na lunettes ku macho, anabeba mufuko ya plastiki yenye kujaa maji ya manjano na povu juu. Nikamusikilia huruma. Nikamuambia Riziki: “Maskini, anapeleka mukojo ku labo ya hospitali, lakini ni mingi vile?” Riziki alikaa chini ku trottoir, kando ya njia, anakufa na kicheko. Ilikuwa masanga, ni kusema bia. Kule masanga inauzishwa mu plastiki, kwa kilo, sawa vile kwetu banafunga mafuta ya mawese, na mutu anaipeleka ku nyumba ananing'iniza ku kidole. Nilicheka na yeye, tukacheka, na kesho yake hatukucheka.

Balinipatia chumba kidogo chini ya vigae, na kesho yake, saa sita, balituita ku meza. Nainai alikuwa kidogo, kavu, nywele nyeupe ya kukata sawa bakuli, na macho ingeweza kutoboa sanduku. Aliniangalia toka kitambaa mpaka kidole ya mguu. Nilimuletea pagne muzuri na samaki yangu ya kukausha. Alinusa samaki, akatikisa kichwa mara moja. Nikasema mu roho: tunaenda muzuri. Kisha Wei akaingia. Kijana murefu, masikio kubwa, anacheka na uso muzima, ananinyooshea mukono: “Mama!” Miye nikaangalia chini, nikaficha mikono mu pagne, nikageuka kidogo. Mukono yake ikabakia mu hewa sawa nguo ku kamba. Alafu tukakaa. Na balinikalisha pahali ya mukubwa, na Wei, mbele yangu! Uso kwa uso! Bakaleta samaki muzima, kubwa, na baba ya Wei akageuza sahani polepole mpaka kichwa ya samaki ikaniangalia miye. Akanyanyua kopo. Huyu baba anasemaka sawa mutu anapiga ngoma: “Gambei! Mama! Gambei!” ni kusema maliza kopo. Miye nikatabasamu, nikageuza kiti yangu. Nikaangalia ukuta.

Miye sikujua kitu moja. Kule kwabo, kichwa ya samaki ikiangalia mugeni, hakuna mutu anagusa chakula mpaka mugeni akule. Donc miye siwezi kukula juu Wei iko. Na bote habawezi kukula juu miye sikukula. Batu kumi ku meza, samaki inapoa, supu inakamata ngozi, na miye naangalia ukuta na heshima yangu yote. Nainai alikuwa anasukuma bakuli mbele yangu: “Chi! Chi! Chi!” ni kusema kula, kula, kula, na kila mara sauti inapanda. Riziki ananifinya: “Mama, kula, nakuomba!” Namujibu chini-chini: “Mbele ya bokilo? Unataka nivue na pagne?” Riziki, mutoto wa muji, hakuwahi kuwa na bokilo, alifahamu sasa tu, na akaanza kubasemea kishinwa mbio-mbio, jasho inatoka. Nainai alimusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka vijiti yake chini, moja kando ya ingine, na akasema neno kidogo. Wei akawa mweupe. Riziki hakutaka kunipatia ile neno. Nilimulazimisha ku ngazi. Alikuwa amesema: “Heshima ni kukula. Huyu mama anaona mujukuu yangu ni uchafu. Akamate mutoto yake, barudi kwabo.”

Mangaribi haikufika bado, Riziki akanipeleka kutembea, juu mu ile chumba hatukuweza kupumua. Tukafika ku kanisa ya Badachi, na minara mbili murefu, na mbele yake, mama yangu! bibi-arusi mu nguo nyeupe, mwengine, na mwengine, kila mumoja na bwana yake, banangojea zamu. Nikasema: “Hii paroisse iko na baraka!” Riziki akajibu bila sauti: “Habaoane hapa, Mama. Banapiga tu picha.” Akaangalia zile nguo, akalia ile kilio ya kufunga midomo. Niliingia, nikapiga magoti. Sikuomba mingi. Nilisema: Bwana, ulinipatia kinywa hii, na sasa njo imefunga njia ya mutoto. Onyesha namna.

Asubuhi yake njaa iliniamusha. Tumbo ilikuwa inaniita jina. Nikashuka polepole, ngazi ikalia, nikafika ku jiko. Hakuna mutu. Na ku meza ya Nainai, chini ya sahani, nani ananingojea? Kichwa ya samaki. Muzima. Hakuna mutu aliigusa, juu ilikuwa yangu. Franchement, miye maisha yangu yote ni samaki. Nikavuta kiti kidogo kati ya kabeji, nikaweka bakuli ku magoti, nikaacha vijiti, nikakula na vidole sawa inapaswa: kwanza shavu, kisha nyuma ya shingo, kisha jicho, kisha unavunja mufupa na unavuta ile maji tamu ya ndani, na sauti. Nilikuwa navuta jicho ya pili wakati nilisikia mutu anapumua. Nainai alikuwa ku mulango, na kikapu, ananiangalia. Aliangalia kinywa yangu. Aliangalia mifupa, vile ilikuwa safi. Na uso yake ilikuwa inauliza: kumbe unakulaka?

Mbele ya kujibu, ngazi ikalia: “Nainai!” Sauti ya Wei, anashuka. Eh! Nikaruka. Nikajifunika pagne ku kichwa, nikakimbia nyuma ya mulango na bakuli yangu, jicho ya samaki ingali mu kinywa. Wei akaingia, akasema asubuhi njema, akakamata kitu, akatoka. Nikatoa kichwa. Nikaendelea kutafuna. Nainai ananiangalia. Akafikiri. Huyu mama muzee, nakuambia, alikuwa na akili: akaita, “Wei!” Miye nyuma ya mulango. Akamufukuza Wei; miye nje, natafuna. “Wei!” Miye nyuma ya mulango. Wei sasa amechanganyikiwa, anaingia, anatoka, sawa kuku mu masomo. Mara ya mwisho Nainai hakuita mutu. Alikamata tu mukono yangu yenye mafuta, akaonyesha mulango, akaonyesha kinywa, akaonyesha uso yake kwa kuficha na mikono, haya, haya. Nikatikisa kichwa: njo vile, mama, njo vile! Na Nainai akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaanguka kukaa ku kabeji, akanivuta, tukakaa bote juu ya kabeji, bamama ingine bakafungua milango kuona nani anauawa.

Ile siku Nainai alifanya kitu yenye hakuna mutu ku familia yetu, hata tonton Faustin na hekima ya tumbo yake, angefikiria. Aliita meza upya. Akaleta shuka yake nyekundu, ya maua kubwa, akapanda ku kiti mwenyewe, akaifunga ku kamba katikati ya meza. Upande huu miye na yeye, upande ule Wei na babaume. Akaleta samaki ingine. Akageuza kichwa kwangu. Na miye, nyuma ya shuka, mukwe yangu hanione, nikafungua kinywa, nikakula. Batu balipiga makofi sawa nimefunga but ku match! Baba akapiga ngoma yake, “Gambei! Gambei!” na nikakunywa ile masanga ya plastiki, na ni muzuri, labo ao hapana.

Kisha tumbo ikajaa, na miye tumbo ikijaa, sauti ya batu inaanza kunitoka. Nainai alikuwa na kipande ya mukate ya mvuke mu kinywa, hakuweza kusema. Nikanyanyua kidevu, nikashusha sauti ku tumbo, nikaita sawa vile nilimusikia anaita mujukuu yake, kula mbio: “Wei! Kuai chi! Chi, chi, chi!” Na upande ule ya shuka, kijana murefu vile, mutu na diplome, akaruka ku kiti: “Chi-je-ne, Nainai! Chi-je-ne!” Riziki akanipatia maana yake: “Niko nakula, Nainai, niko nakula.” Wei akasikia Nainai anakohoa mukate na kicheko, akafahamu. Nyumba yote ikaanguka kwa kucheka. Jirani bakapanda toka chini. Balinifanyisha sauti ya baba, balinifanyisha ya mama ya robine ya pili, balinifanyisha ya mutu wa posta, mpaka Nainai akapiga meza na mukono, akasema neno yake ya mwisho, na hii Riziki hakunificha: “Huyu mutoto haiko ya kuokota. Mama yake ni nyumba muzima.”

Mbele mwaka ifike mwisho, Wei na baba yake balishuka na ndege ku Bangboka kuleta dot, mahari, na bakatembea na toleka, baiskeli ya kubeba batu, baba mu kiti ya nyuma anapiga kelele “Mama! Mama!” mu avenue muzima. Nainai miguu haikumukubalia, lakini alituma shuka nyekundu, na neno: ikae kwangu, juu mwenye ataitunza ni miye. Tuliifunga hapa ku veranda ya Mubelge, kati ya nguzo mbili. Tonton Faustin alikula upande yake na heshima, akaniambia chini-chini: “Dada, hii kitu ya shuka… niliifikiriaka pia.” Nikamuangalia tu. Toka ile siku Wei akikuja, shuka inapanda, na parcelle muzima inakuja kuona mama-mukwe akicheza na sauti nyuma yake.

Donc juzi, Riziki akiwa ku telefone, nilimuuliza: “Na Wei?” Njo akaanza kulia upya. “Mama, toka tumemuzika Nainai hakule. Anakaa ku jiko, kati ya kabeji. Nimepika, baba amepika, jirani bamepika. Hakule.” Nikanawa mikono. Nikafungua sanduku. Mama Vero ananifuata na pua yake: “Mama Riziki, unaenda wapi na shuka?” Nikaifunga kati ya nguzo, nikaweka telefone ku kiti upande ule. Nikamuambia Riziki: “Weka sahani mbele yake. Weka na telefone.” Mama Vero akafahamu, akashika kichwa: “Eh, utaita sauti ya mufu?” Nikamuambia: “Ile sauti naibebaka miaka mingi, Vero. Habakuizika, iko kwangu.”

Nikakaa nyuma ya shuka na sahani yangu ya lituma. Nikanyanyua kidevu. Nikaitafuta ku tumbo, pahali alikuwa anaichotaka.

“Wei! Kuai chi! Chi, chi, chi!”

Upande ule, hakuna. Mama Vero alisahau hata kupumua. Kisha nikasikia kiti inavutwa ku mbao ya Mudachi. Nikasikia mutu anavuta pua. Nikasikia kijiti inagusa bakuli.

“Chi-je-ne, Nainai,” akasema. “Chi-je-ne.”

Sikumuuliza Riziki maana. Nikachovya lituma mu mafuta, upande yangu ya shuka, nikafungua kinywa, na miye pia nikakula.